Mama Funguo na Mlango wa Fundi Saa

Mama Funguo alitandika vitanda vya hoteli miaka thelathini. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote akakigeuza matofali, vikasimama vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya chumba chake. Tatizo, mikono yake haikustaafu. Kila saa nne asubuhi, wapangaji wakiwa kazini, alibisha hodi mara mbili, akasema "usafi" kwa sauti ya kiungwana, akafungua kwa funguo zake za akiba. Akafagia, akatandika, akakunja hadi soksi. Wapangaji watatu walinyamaza na kufurahi. Nani agombane na shuka iliyonyooka?

Wa nne alikuwa fundi saa. Siku moja aliifungua saa ya mteja juu ya kitanda, akapanga vipande arobaini na kimoja juu ya shuka, kisha akatoka kutafuta springi. Aliporudi, shuka ilikuwa imekung'utwa dirishani na kutandikwa upya, pembe zake kali kama bahasha.

Fundi hakugomba. Alikwenda zake baraza la kesi za nyumba, akarudi na barua ya wito.

Mama Funguo alicheka. Nyumba yake, ufunguo wake, kosa liko wapi? Mdogo wake, karani wa mahakama, hakucheka. Alimweleza kwamba kuingia chumbani mwa mpangaji bila ruhusa yake ni kosa, na baraza linaweza kumnyang'anya kibali cha kupangisha. Cheko likamkauka mdomoni. Vyumba vile ndivyo vilivyomlisha. Bila kibali, uzee wake ungekula nini?

Barazani alijitetea kwa ufasaha. Hakuiba, hakupekua, alifagia tu.

"Dada yangu," mwenyekiti akamwambia, naye mwanamke wa makamo, "hotelini mgeni hulala siku mbili akaenda. Huyu anaishi. Nyumba ni yako, ila akishapanga, mlango ni wake."

"Na vumbi?"

"Vumbi nalo ni lake."

Hilo lilimuuma kuliko yote. Fundi alipoulizwa anadai fidia gani, alisema hadai kitu, anataka tu kukuta skrubu zake pale alipoziacha. Baraza likaamua: hakuna kuingia bila taarifa ya maandishi ya siku moja na sababu ya maana. Akirudia, kibali kinakwenda.

Wiki nzima Mama Funguo alikaa kibarazani kwake amekalia mikono. Siku ya nane, muuguzi wa chumba cha pili akamjia amenuna. "Shangazi, mimi sikukushtaki. Mbona umenitenga?"

Mama Funguo akamsukumia karatasi na kalamu. Muuguzi akaandika kwamba anaruhusu usafi, akatia sahihi na tarehe. Hadi jioni, wapangaji watatu walikuwa wameandika.

Fundi hakuandika. Ila Jumamosi aliazima ufagio, na Mama Funguo akamfuata hadi mlangoni, vidole vya miguu vikakoma kizingitini kama vimegonga ukuta. Akamtazama anavyofagia, akavumilia, akashindwa.

"Anzia pembeni, baba. Vumbi halifukuzwi, linakusanywa."

Fundi akaanzia pembeni.

"Na chini ya kitanda?" akauliza bila kugeuka.

"Usiniulize mimi," akajibu Mama Funguo. "Huko sikuruhusiwa kuona." Kisha akainama kidogo, akachungulia. "Lakini kama ningekuwa wewe, ningeanza na ule mguu wa kushoto."

Kutoka chini ya mguu wa kushoto, ufagio ukaleta skrubu mbili.