Mama Kagua na Risasi Moja

Ukioa mlinzi wa benki, jua umeoa na bunduki yake. Bunduki yenyewe hailali kwetu, inabaki kazini ndani ya kabati la chuma, lakini masharti yake mke wangu anarudi nayo nyumbani kila siku. Mimi ni fundi cherehani. Nikimpa mkasi, sharti mpini utangulie. Mwavuli nao, eti nisimwelekezee mtu! "Baba watoto, hiyo ncha inaangalia wapi?" Jamani, mwavuli!

Kazini wanamwita Mama Kagua. Akimaliza zamu, anaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, anatoa risasi zote, anachungulia ndani, anapapasa kwa kidole, ndipo anamkabidhi mwenzake. Naye mwenzake lazima akague upya palepale.

"Nikikwambia tupu, usiniamini," huwaambia. "Hata mama yako mzazi usimwamini."

Walimcheka mpaka wakachoka. Wakubwa lakini hawakucheka, wakataka kumfanya mkufunzi wa walinzi wote. Nafasi hiyo kaisubiri miaka kumi na tisa. Mimi, kwa kiherehere changu, nikamshonea suti kabisa.

Jumanne, siku tatu kabla ya kutangazwa, simu ikaita katikati ya kukabidhiana. Mdogo wake kajifungua mapacha! Mke wangu akapiga kigelegele, akasahau kuchungulia, akampa bunduki mwenzake wa zamu ya mchana, jamaa mpole aliyewahi kuwa dereva.

"Tupu," akamwambia.

Jamaa akaligeukia pipa, akaifungua bunduki, risasi moja ikadondoka mchangani.

Walikuwa wawili tu. "Mama, mimi sijaona kitu," jamaa akanong'ona. "Ijumaa uvae suti yako, yaishe."

Weee! Mama Kagua huyo, mguu mosi mguu pili mpaka kwa msimamizi, akajishtaki mwenyewe. Ijumaa ukufunzi akapewa dereva.

Mori ulinipanda. "Una wazimu wewe? Ungenyamaza ungepungukiwa nini? Miaka kumi na tisa yote!"

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nafasi ile ilimuuma, hakunificha.

"Mume wangu," akasema, "miaka yote nawaambia wasiniamini, nikadhani hakuna anayenisikia. Yule alinisikia. Angeniamini, leo ningekuwa kwa mkewe, natoa rambirambi."