Besi Niliyoibeba hadi Busunzu

Nilipewa ile klarineti kwa sababu ya urefu wangu. Kipaji hakikutajwa. Makasha ya vyombo vya bendi yalipofika misheni huko Kasulu, zawadi ya parokia moja ya Ulaya iliyokuwa imeshavichoka, wenzangu walikimbilia tarumbeta na ngoma. Mimi nilikuwa bado nafunga kamba za viatu ili nifike mbele ya padre mzungu nikiwa nadhifu. Nilipofika kilikuwa kimebaki chombo kimoja, kimelala ndani ya sanduku jeusi refu. Mwalimu wa bendi alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akalitazama sanduku, akasema, "Mnalingana." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye muziki.

Ilikuwa klarineti ya besi, tena ile ya chini kuliko zote, babu wa ukoo mzima. Ukiviunga vipande vyake vya mti mweusi vilivyojaa vyuma vya kubonyeza, ilisimama sakafuni kwa kimguu chake na bado ikanifika usoni. Mdomo wake wa chini ulikuwa wa chuma, umekunjwa kwenda juu kama mdomo wa birika. Sauti yake ilikuwa chini mno hata watu wengi hawakujua kwamba ni sauti. Waliihisi kwenye benchi walilokalia, wakageuka dirishani kuangalia kama kuna lori linapita.

Hata hivyo nilivimba kichwa. Nilikuwa kijana ninayejifunza useremala pale misheni, meza zangu zote zinayumba, na ghafla nikawa mwanamuziki. Nilianza kutembea polepole. Nilianza kusema "sisi wasanii" mbele ya watu waliokuwa wanapasua kuni.

Shida ilikuwa mazoezi. Padre alilala kidogo kila mchana, na alidai kwamba nikipiga, kitanda chake kinasogea. Akaamua likizo niondoke nayo, nikafanyie mazoezi nyumbani. Kwetu ni Busunzu, upande wa Kibondo, ambako wazazi wangu walipata shamba baada ya kuvuka mpaka kutoka Burundi nasi watoto tukiwa mgongoni na mkononi. Lori la magunia ya maharage lilinishusha barabarani, na kutoka hapo ilikuwa mimi, kichwa changu na sanduku.

Sasa, kwetu huwezi kumsalimia mtu kwa kuinua kidole na kupita. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu huku ukiulizia nyumba, watoto, mifugo na mvua, na yeye anapiga makofi akikuulizia hayo hayo. Makofi yanataka mikono miwili. Mikono yangu miwili ilikuwa juu, imeshika sanduku. Kwa hiyo kila nilipokutana na mtu mzima nilichuchumaa, nikalitelemsha sanduku kwa kuugua, nikapiga makofi, "Mwiriwe, mwiriwe, ego, ndiyo, wazima," kisha nikaanza kazi ya kulipandisha tena, na mara nyingi yule yule niliyemsalimia ndiye aliyenisaidia kujitwika. Ilikuwa siku ya soko. Njia nzima ilijaa watu wazima.

Isitoshe, sanduku lenyewe lilikuwa na sura ya jeneza dogo. Wanaume walishuka kwenye baiskeli na kuvua kofia.

"Pole sana, kijana. Ni mtoto?"

"Hapana, mzee. Ni chombo cha muziki."

"Ego. Pole sana," alinijibu, kwa huruma ile ile.

Baadaye nikaacha kueleza. Nilipokea pole zote kwa uso wa mfiwa, na nakiri zilinifaa, maana shingo yangu ilihitaji kuhurumiwa. Ila karibu na nyumbani niliishiwa nguvu, nikawasalimu akina mama wawili kwa kutikisa kichwa tu. Sanduku likatikisika pia, nikayumba nalo hadi kwenye mihogo ya watu. Nilipofika uani baba alikuwa ameshapata habari. "Nasikia siku hizi hupigi makofi," alisema. "Umekuwa padre?"

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na mengi ya yale machache alinirushia mimi. Nilipopiga kwa mara ya kwanza nyuma ya migomba, nikiwa nimefumba macho kwa utamu wa kujisikia, alisikiliza kidogo, akachukua jembe. "Hicho kitu hakilii," akasema. "Kinakoroma." Kila jioni niliposhika klarineti, yeye alishika jembe na kwenda shamba la bondeni, mbali kabisa, hadi giza lilipokaribia. Nililiona hilo. Liliniuma kuliko shingo.

Likizo ilipokaribia kwisha aliniweka chini. Kwa amri ya serikali watu walikuwa wanakusanywa kwenye kijiji kipya, kila nyumba ilitakiwa kulima, na yeye mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Alitaka niache misheni na hilo sanduku nirudi kushika jembe. Nikamwambia bendi yetu imealikwa Kibondo, kwenye sherehe ya kufungua kanisa jipya, aje anisikie mara moja tu kabla ya kuamua. "Nitakuja," akasema. "Nikikusikia katikati ya wote hao, endelea. Nisipokusikia, unarudi nyumbani." Nikakubali haraka, kwa ule ujasiri wa mtu ambaye hajapiga hesabu ya tarumbeta ngapi zitakuwa mbele yake.

Hapo ndipo matunzo yalipoingia. Klarineti ya namna ile ina mahitaji mengi kuliko bibi harusi. Ulimi wake, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni, ulikuwa umepasuka, nikachonga mwingine kwa wembe kutoka matete ya mtoni. Chini ya kila kifuniko cha kuziba matundu kulikuwa na kingozi laini, na vilivyooza nilivibadilisha kwa vipande nilivyokata kwenye pochi kuukuu ya mama, ambaye aliitafuta pochi hiyo muda mrefu. Tatizo lililobaki lilikuwa grisi. Viungo vya klarineti vimezungushiwa gome laini kama la kizibo cha chupa, nalo lazima lipakwe mafuta, la sivyo vipande haviingiani. Kikopo kilichokuja kutoka Ulaya kilikuwa kimekwisha, kwa sababu nilikipaka kwa ukarimu, mpaka kwenye bawaba za sanduku.

Mtu wa mkoa huu wetu wa Kigoma akitafuta mafuta anawaza nini? Mawese. Tunapikia mawese, tunapaka mawese, mtoto akikohoa anasuguliwa mawese kifuani. Likizo ikaisha, nikarudi misheni; majuma machache baadaye, nilipofika Kibondo na bendi siku moja kabla ya sherehe, niliomba kikombe cha mawese jikoni kwa masista, yamepashwa moto, mekundu, yanatiririka vizuri. Nikapaka viungo. Vikateleza kama vinaingia kwao. Nikafurahi, nikapaka vyuma. Nikapaka springi. Nikapaka vile vingozi vya pochi ya mama ili visikauke. Halafu, kwa akili ile ile, nikauchovya na ulimi. Jioni ile niliujaribu wimbo wetu na vidole vyangu viliruka juu ya vyuma kuliko siku nyingine zote. Mwalimu wa bendi alinusa hewa akauliza nani anakaanga ndizi.

Nililisahau jambo moja ambalo kila mwanamke wa huku analijua, kwa sababu kila asubuhi analikuta kwenye chupa yake. Kule chini ziwani, kwenye joto, mawese ni mafuta. Huku kwetu milimani, msimu wa kiangazi, asubuhi ni samli ngumu.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali. Nilifungua sanduku dakika ya mwisho, kwa madaha, watu wakitazama. Kila kitu kilikuwa kimeganda, rangi ya chungwa. Nilibonyeza chuma kikaenda chini polepole na kukaa huko huko. Kingine hakikwenda kabisa. Sisimizi walikuwa wameshafika, na walikuwa wanaelewana vizuri na pochi ya mama. Nilipulizia viganja vyangu, nikasugua vyuma kwa shati, nikaulamba ulimi kama mtoto na miwa. Mwalimu akainua mkono. Nikapuliza. Ikatoka hewa, hewa tupu, kama mtu anayepoza uji.

Na baba alikuwepo. Alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa koti lake la pekee, kofia mkononi. Alinitazama moja kwa moja.

Nifanye nini? Nilijifanya. Nilivimbisha mashavu, nikachezesha vidole juu ya vyuma visivyocheza, nikayumba kushoto na kulia, nikafumba macho penye huzuni na kuyafumbua penye furaha. Nyimbo zote. Sisimizi mmoja aliingia kwenye mkono wa shati na sikumgusa, maana msanii hajikuni. Moyoni nilishaanza kulima. Nilijua anachosikia ni tarumbeta na ngoma, na kwamba safari hii akisema hanisikii hakosei hata kidogo.

Misa ilipokwisha mwalimu wa bendi alikuja mbio akanishika mkono. "Leo besi ilitulia!" alisema. "Tangu tuanze haijakaa vizuri namna hii." Padre mwenyeji naye akanipongeza. Mwanakwaya mmoja aliniambia alinisikia mpaka kwenye mifupa. Nilitabasamu kwa kila mmoja wao huku nikitamani ardhi inimeze pamoja na sanduku.

Baba akaja wa mwisho. Sikuthubutu kumtazama.

"Mbona leo hukupiga?" aliuliza.

Nikasema nilipiga, kila mtu amesikia.

"Hukupiga, mwana wanje, mwanangu. Hicho kitu nakijua. Nikiwa kule bondeni kinanifikia, pale karibu na nyumba ni kelele lakini kule chini ya mlima kinakuja kizuri. Kikianza najua umeshaingia nyuma ya migomba. Kikinyamaza najua umechoka, nami najitwika jembe narudi." Akavaa kofia yake. "Leo nimesimama pale mlangoni nakingoja, hakikuja."

Nilitaka kumweleza habari za mawese. Badala yake nikamwonyesha vyuma vilivyoganda na sisimizi wake.

"Basi kitengeneze," alisema. "Likizo uje nacho. Kwa shamba tutajua la kufanya. Tangu uondoke nachelewa kurudi nyumbani, mama yako analalamika."

Nikaangua kilio pale pale, mtu mzima mwenye kimo changu, mbele ya bendi, masista na wageni waalikwa, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyonitoka siku ile.