Eda Yangu Kibiti

Mume wangu alipozikwa, ndugu zake hawakungoja hata hitma. Walijua kwamba mimi na binti yangu wa miaka saba tunatumia dawa za virusi. Marehemu naye alikuwa navyo, tena kabla yangu, lakini maiti hana kosa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawa walinitamkia wazi, kisha wakalichoma moto godoro langu. Wacha Mungu hao! Nikavuka bahari kutoka kisiwani kwao hadi Nyamisati na mtoto na fuko la nguo, nikapokelewa Kibiti, kwenye nyumba ya kina mama wenye virusi na watoto wao.

Tulipewa chumba cha mlango unaofungwa kwa ndani. Msimamizi alipenda mno semina, kila wiki tukafundishwa kunawa mikono kana kwamba tumezaliwa jana, lakini vidonge vya mwanangu havikukosekana hata siku moja. Akaanza kunenepa. Eda yangu nikaikalia humo humo.

Mwezi wa pili, hao, mama mkwe na shemeji! Kumbe sheikh wa kijiji amewauliza mjane yuko wapi, wameaibika.

"Eda hukaliwa kwa mume," mama mkwe akasema, tambuu mdomoni. "Rudi umalize, usitutie aibu."

"Nikalalie godoro gani, mama?"

Shemeji akatazama dari. Haya, kama mama mtu hataki, basi watamchukua mtoto; mtoto ni wa ukoo. Na dawa zake? Watamwandikia kombe, aya zioshwe kwenye sahani anywe, atapona. Hasira ilinipanda, na hofu pia, sifichi. Kombe nimelinywa tangu utotoni na naliheshimu, ila bila vidonge vile ningemzika mwanangu.

Nikamwita, nikampa kikombe cha maji. Akanywa nusu. Kilichobaki nikamkabidhi bibi yake.

"Kunywa, mama, umetoka mbali. Si damu yenu?"

Akakishika kwa vidole viwili.

"Nimefunga," akasema, mate mekundu ya tambuu yakimchuruzika kidevuni.

Shemeji naye, ghafla bin vuu, akawa amefunga.

Binti yangu akaamini. "Basi bibi, ngoja magharibi nikupe futari. Utalala na mimi."

Bibi yake alikuwa keshavaa ndala. Habari za ukoo hazikutajwa tena.

Mwanangu nikabaki naye. Mpaka leo hajaniuliza bibi atakuja lini.