Mahakimu wa Viti vya Kukunja

Verlyn Tollefsrud alistaafu kuendesha lori la maziwa huko Minnesota magharibi, lakini kujisifu hakustaafu. Maisha yake yote alilirudisha lile lori kinyumenyume hadi milangoni mwa mazizi, kwenye giza na theluji, mbwa wakimbwekea, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuwahi kugusa hata ndoo. Mkewe Arlys aliikumbuka ndoo moja, na kuku wawili. Ila alilelewa Kilutheri, kwa hiyo alikunywa kahawa yake akanyamaza.

Baada ya kustaafu walinunua gari-nyumba lenye urefu wa basi, lenye kitanda, jiko, choo, na televisheni mbili ili wasigombane. Kila Novemba waliikimbia baridi kwenda Arizona, na kila Aprili walirudi kwao, huku kigari chao kidogo kikivutwa nyuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mbele ya gari-nyumba palining'inia kibao cha mbao kilichochongwa: Akina Tollefsrud. Yeyote aliyeegesha karibu alijua ameegesha karibu na nani, na kama hakujua, Verlyn alimfuata kumweleza.

Kule Arizona kulikuwa na mahakama. Kila alasiri wazee walitoa viti vyao vya kukunja, wakajipanga kando ya njia ya kambi, kila mmoja na bia yake, wakangoja wageni. Mgeni akifika hana budi kulirudisha gari-nyumba lake rivasi hadi kwenye nafasi yake, kati ya bomba la maji na nguzo ya umeme, mkewe akiwa nyuma anampungia mikono. Mahakimu hawakucheka wala kusema neno. Walitazama tu. Mtu akigonga bomba, mmoja wao alisema kwa upole, "Huwa inatokea," na wengine wakanywa.

Adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa moja: hakimu kuinuka kitini kwenda kumsaidia mgeni. Aliyeinukiwa alikwisha. Palikuwa na daktari wa meno kutoka Iowa, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye baada ya kuinukiwa aliitwa Bomba mpaka akahamia Florida. Aliyemwinukia alikuwa Verlyn, na kisa hicho alikisimulia kila wiki.

Sasa msimu huu wa baridi jicho la kushoto la Verlyn lilianza kuingia ukungu. Siku ya Krismasi alimimina kahawa pembeni ya kikombe, akailaumu meza. Alijua ni mtoto wa jicho. Marehemu kaka yake Orrin aliugua ugonjwa huo, akatolewa, na shughuli yenyewe haikuzidi kunyolewa nywele. Verlyn hakuogopa daktari. Alimwogopa Janelle.

Janelle ni binti yao anayefanya kazi benki kule Fargo, na tangu mwaka juzi ameshawachagulia fleti ya wazee, yenye kamba bafuni ya kuvuta ukianguka. Alikuwa amesema waziwazi: "Baba, siku utakapokwaruza kitu chochote, hilo gari linauzwa." Gari likiuzwa hakuna tena Arizona, hakuna kiti cha kukunja, wala hakuna wa kumwinukia. Kingebaki kile kikamba cha bafuni. Verlyn akikiwazia kikamba hicho alisikia baridi ambayo hata Minnesota haina.

Basi mpango wake wa safari ya kurudi ulikuwa huu: afike nyumbani bila mkwaruzo, piga ua. Barabarani kuendesha mbele aliweza, au alijiambia anaweza. Taabu ilikuwa kile kioo cha kushoto wakati wa rivasi. Kwa hiyo kila mahali pa kulala alitaka nafasi ya kupita, ile ambayo unaingia huku, asubuhi unatokea kule, na gia ya nyuma huigusi kabisa. Alizipigia simu kambi mwenyewe, Arlys akiwa anaoga.

"Ni mke wangu," alinong'ona kwenye simu. "Rivasi inamtia hofu."

New Mexico walipita salama. Oklahoma hivyo hivyo. Kansas ukawakuta upepo, ule upepo wa Aprili unaosukuma gari-nyumba kama mtu anayesukuma kabati, na kila mzee aliyekuwa anaelekea kaskazini akakimbilia kambi moja. Mama wa ofisini akatoka akiwa ameshika kofia yake, akaja dirishani upande wa Arlys.

"Pole sana, mama," akamwambia. "Najua rivasi unaiogopa, mume wako alitueleza. Lakini nafasi za kupita zimejaa. Imebaki ile ya mwisho kule, na ni ya kuingia kinyumenyume. Mtavumilia?"

Arlys alimtazama mama yule, kisha akamtazama mumewe. "Mm," akasema.

Kando ya nafasi ile ya mwisho, licha ya upepo wote ule, viti vya kukunja vilikuwa vimeshapangwa. Walikuwa wazee kutoka Manitoba, Nebraska na Dakota, wamefunga kofia kwa skafu, bia mikononi. Verlyn aliwatambua mara moja ingawa hakuwahi kuwaona. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, akaamua kufa na tai shingoni.

Walikifungua kigari kidogo. Arlys akavaa glavu zake za rangi ya chungwa, zile walizonunua ili aonekane kwenye kioo, akaenda kusimama nyuma. Verlyn akaweka rivasi, akatazama kioo cha kushoto. Hakuona mke wala glavu. Aliona uji.

Akarudi kidogo kwa kubahatisha. Akasikia, "Simama!" Akasogea mbele, akajikaza kisabuni, akarudi tena. "Verlyn, simama. Nguzo!" Akasogea mbele tena. Kwa jicho la kulia aliwaona mahakimu. Mmoja alitikisa kichwa kidogo sana. Mwingine, mtu mpana mwenye ovaroli, alikuwa anaiweka bia yake chini taratibu na kushika mikono ya kiti chake.

Verlyn alimjua mtu anayejiandaa kuinuka. Aliwahi kuwa mtu huyo mara nyingi mno, na hakuwahi kujiuliza aliye ndani ya gari anajisikiaje. Sasa alijua: anatamani kulia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Arlys, akihema kwa upepo.

"Shuka," akasema.

"Jua linanipiga usoni tu, mama. Nipe mara moja nyingine."

"Jua gani, Verlyn? Jicho lako limekufa tangu Krismasi. Siku tulipoondoka Arizona ulimpungia mkono mtungi wa gesi ukamwuliza habari za goti lake."

"Nilidhani ni yule jirani yetu Bernadine."

"Najua ulidhani ni Bernadine. Na Bernadine alikuwa amesimama pembeni, amesikia. Haya, shuka kabla yule mwenye ovaroli hajafika hapa."

"Nikishuka nani ataliingiza?"

Arlys alikuwa ameshaanza kuvua glavu. "Msimu mzima wa baridi nilikuwa naenda wapi kila Jumanne na Alhamisi?"

"Darasa la kushona mablanketi."

"Umeliona blanketi?"

Verlyn alifikiri. Kwa kweli hakuliona. Aliona ajabu kidogo, akahitimisha kwamba mkewe si mwepesi wa sindano, na kwa wema wake akaamua asimuulize.

"Bernadine alinipa gari-nyumba lake nijifunzie," Arlys akasema. "Lile la marehemu mumewe, refu kuliko hili. Nimeligongesha pale nyuma ya kanisa mpaka nimechoka kugonga. Na simu zako nilizisikia zote, bafu letu lina ukuta wa karatasi. Ati mimi ndiye rivasi inanitia hofu. Chukua hizi."

Akamtupia glavu. Verlyn akashuka. Yule mwenye ovaroli alikuwa amefika katikati ya njia. Verlyn akavaa glavu za chungwa, zikambana, akamwinulia kiganja.

"Tumebadilishana tu, bwana," akasema. "Huwa namwachia naye ajaribu."

Yule mtu akasimama, akafikiri, akarudi kitini.

Verlyn akaenda nyuma kati ya bomba na nguzo, akaanza kupunga. Alipunga kwa adabu zote za mazizini: njoo, njoo, kata kulia, nyoosha, polepole. Alipunga hata pale ambapo hapakuwa na haja ya kupunga. Gari-nyumba likaja kwa mwendo mmoja, likapinda, likanyooka, likakaa katikati ya nafasi yake kama mkate ndani ya chombo chake. Halikugusa kitu. Injini ikazimwa.

Kisha yule mwenye ovaroli akaja tena, safari hii na bia mbili.

"Lumir Pavelka, wa Nebraska," akasema. "Nimeona watu wengi wakielekezwa. Lakini wewe, bwana, unajua kuelekeza."

Mtu mwingine angesema ukweli hapo. Verlyn aliipokea ile bia. "Si mbaya," akasema, kwani kule kwao hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, akavuta kiti kimoja kilichokuwa wazi, akaketi.

Jioni, walipokuwa wanakula viazi na nyama ya kusaga iliyookwa, Arlys alimwambia ameshapanga miadi kwa daktari wa macho, wiki ile ile watakayofika. Janelle hakuwa na haja ya kuambiwa zaidi ya kwamba gari halina mkwaruzo. Verlyn akakubali yote bila ubishi, jambo lililomshtua Arlys kuliko nguzo.

"Lakini ulikuwa unafuata mikono yangu, sivyo?" akauliza hatimaye.

"Mikono yako sikuihitaji. Nilikuwa na vioo, na ile kamera ambayo wewe huitaki." Arlys akamwongezea viazi. "Ila wewe nilikutazama muda wote. Ulikuwa unajisogeza njiani kila mara. Niliogopa nisikukanyage, mzee."

Verlyn akaushusha uma. Hakuna hakimu aliyewahi kumtazama hivyo. Alitaka kusema asante, neno ambalo halikuwa limezoea kinywa chake, akalisema vibaya, kwa sauti ndogo, huku ameitazama glasi yake ya maziwa. Arlys alilisikia, akageukia jiko kwa muda mrefu kuliko jiko lilivyohitaji.

Asubuhi upepo ulitulia. Bila kuambiwa, Verlyn akapanda upande wa kulia, akakaa kwenye kiti ambacho miaka yote kilikuwa cha mkewe. Akakuta mto umeshika umbo la Arlys, na chini, pale mbele ya kiti, zulia limelika sehemu moja tu. Akaweka mguu wake pale. Ulikaa sawasawa, mahali ambapo miaka yote, yeye akiendesha, Arlys alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo.

Arlys akawasha gari, akaingia barabarani.

"Uko karibu na mstari," Verlyn akasema, na mguu wake ukakanyaga zulia.