Kimya cha Ndinda

Mimi, mwanangu, si mtu wa kushangazwa na kitu. Niliacha shule darasa la nne nikauza machungwa kwa madereva wa malori pale Kiboko. Nikatoka kwa machungwa nikaingia kwa mbuzi, nikatoka kwa mbuzi nikanunua kinu cha kusaga posho, na leo ukishuka Matiliku ukauliza nyumba ya mawe ya Musyoka, hata mtoto mdogo atakuonyesha. Nimeona nzige, nimeona njaa, nimeona mtu akinunua ng'ombe wake mwenyewe bila kujua. Lakini kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, siku niliyofungwa mdomo na kimya cha msichana, na ndiyo nataka nikupe ukae nayo.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha. Nilikuwa kijana wa kwaya, besi, na sauti yangu haikuwa ya kuuliza. Marehemu babu yangu alikuwa ngui, yule anayeanzisha wimbo kwenye ngoma na wengine wote wakamwitikia, na watu walisema nimemrithi kifua. Nikifungua mdomo kanisani, wenzangu walinifuata hata pale nilipokosea. Siku hizo niliona hiyo ni sifa.

Basi akaja mwalimu mgeni, mama mmoja kutoka Ulaya, akaandaa semina ya muziki huko Kitui, katika shule ya bweni ambayo watoto wake walikuwa likizoni. Aliiita semina ya kiangazi. Kiangazi gani, mwanangu, na ni Agosti, tunavaa sweta mpaka jua lipande? Tulimwita Mwende, maana yake mpendwa, na jina likamkaa. Alitaka kutufundisha nyimbo za kale za kwao, za nyakati zinazoitwa Renaissance na Baroque. Kuyatamka hayo tu kulinichukua wiki. Nilichoelewa mapema ni kwamba nyimbo zenyewe zilitungwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na nyingi ni za Kilatini.

Hapo wazee wa kanisa wakashtuka. Mmoja akauliza kama hicho Kilatini hakitaturudisha nyumbani tukiwa Wakatoliki. Aliyetuokoa ni Mzee Nzioka, mwinjilisti mstaafu, ambaye pia aliimba besi na alikuwa anakuja na sisi. Alisema Mungu hakuanza kusikia maombi siku Wakamba walipobatizwa. Wazee wakacheka, tukapewa ruhusa.

Kule Kitui niliona vitu. Kulikuwa na filimbi za mbao laini, na gita moja yenye mgongo wa duara kama nusu ya kibuyu. Nilizishika zile filimbi nikatangaza mbele ya watu kwamba wachongaji wetu wa Wamunyu wangezitoa kwa asubuhi moja. Hakuna aliyenijibu. Nilidhani wamekubali.

Kilichonisumbua ni nyimbo zenyewe. Hazina ngui. Sauti moja inaanza peke yake, ya pili inaingia kwa wakati wake, ya tatu inakuja na njia yake, hii ikipanda ile inashuka. Hakuna anayeongoza na hakuna anayeitikia. Ni kama baraza ambalo kila mtu analeta jambo lake, na bado hakuna ugomvi. Mimi nilizoea kusimama mbele. Sasa naambiwa nikae nisubiri zamu, na zamu yenyewe ikija ni ndogo kama kipande cha sukari guru. Nilimnong'oneza Mzee Nzioka kwamba Wazungu wa zamani walikosa kiongozi. Akaniambia niangalie mkono wa mwalimu.

Wimbo mkubwa wa siku ya kufunga ulianzwa na Ndinda. Huyu Ndinda alikuwa msichana wa Mbumbuni, mwembamba, mwenye sauti nyembamba pia, lakini safi kama maji ya mwamba. Alikuwa anafundisha shule ya msingi bila kusomea ualimu, na kila Desemba ikifika alikuwa hajui kama Januari ataitwa tena. Mama yake alikuwa mjane na ndugu zake wadogo walikula kwa mshahara huo. Na siku ya kufunga alikuwa anakuja mkufunzi kutoka chuo kimoja cha walimu upande wa Machakos, aliyekuwa na nafasi moja ya mtu wa kusomea ualimu na muziki. Mwende alikuwa amemwambia amsikilize Ndinda. Sote tulijua. Mpaka wapishi jikoni, waliotupikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, walijua, wakawa wanamwekea Ndinda sahani iliyojaa.

Sasa sikiliza vizuri. Wimbo ule, Ndinda anaimba mstari wa kwanza, halafu ananyamaza. Ni kimya kilichoandikwa, kina hesabu yake kama noti nyingine. Baada yake anaimba mstari wa pili peke yake, ndipo sisi tunaingia. Kwenye mazoezi Mwende alikuwa akigonga meza kwa kidole wakati wa kile kimya ili tusipotee. Mimi sikuhesabu hata siku moja. Kwani ya nini, na kidole kipo?

Siku ikafika. Kanisa la shule lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani, na mkufunzi aliketi mbele na miwani yake. Ndinda akaanza. Mwanangu, ile sauti ilipanda mpaka kwenye mabati ikakaa huko. Kisha akanyamaza. Mwende mkono wake uko juu, hautikisiki. Hakuna meza, hakuna kidole. Ndinda amefunga macho. Benchi likalia. Mtu akakohoa nyuma. Moyo wangu ukaniambia: msichana wa watu amesahau.

Na huku kwetu, mtangulizi akikwama, mwenye kifua anaupokea wimbo. Ni heshima. Huwezi kumwacha mwenzako asimame uchi mbele ya kijiji na wewe sauti unayo. Babu yangu aliwapokea wengi hivyo, na walimletea asali.

Nikampokea.

Niliutoa ule mstari wa pili kwa besi, na nguvu zote. Besi wenzangu, kwa vile walizoea kunifuata, wakanifuata. Sauti nyingine zikafikiri zimechelewa, zikaingia mbio. Wimbo ukawa kama siku ya mnada wa mbuzi. Ndinda alifungua mdomo mahali pake, akakuta pamejaa. Akaufunga. Tukafika mwisho kila mtu kwa mlango wake, na usiniulize tulifikaje.

Na watu walipiga makofi! Walipiga vigelegele, wakaniita kwa jina. Nikainama mara kadhaa. Nilitoka nje nikasalimiwa na nusu ya Kitui, na mimi nikajua nimemwokoa Ndinda, na kwamba lazima atakuja kushukuru.

Alikuja kweli. Hakulia. Alisimama mbele yangu akiwa ameshika karatasi za wimbo kifuani.

"Musyoka," akasema, "mimi sikuwa nimepotea. Nilikuwa nangoja."

Akaenda zake. Nikabaki nacheka, maanake sikujua uso wangu niufanye nini.

Mzee Nzioka alinikuta kando ya tangi la maji. Nilianza kujitetea kabla hajafungua mdomo. Nikamwambia habari za babu, na heshima ya kupokea wimbo, na jinsi umati ulivyofurahi. Aliniacha niishe. Kisha akaniuliza kama nyumbani tunapanda kabla ya mvua au baada. Nikamwambia kabla, nani asiyejua? Mbegu inatangulia kwenye udongo mkavu, mvua inaikuta huko.

"Na mtu akipita hapo kabla ya mvua, anaona nini?"

"Anaona shamba tupu, mzee."

"Basi wewe umeona shamba la mwenzako limenyamaza, ukaingia na jembe ukalilima tena. Mbegu zilikuwa ndani, kijana wangu. Unatembea huku unasema umemsaidia."

Mwanangu, nimetukanwa na madalali, nimetukanwa na makarani wa soko, hakuna tusi lililoniingia kama lile, na hata tusi halikuwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa naujua mshindo tu, kimya nilikichukulia kuwa ni duka lililofungwa.

Nikauliza nifanye nini. Mzee akanionyesha kwa kidevu ofisi ya mwalimu mkuu, ambako mkufunzi alikuwa anakunywa chai kabla ya kuondoka. Nikasema nitaenda jioni. Akasema jioni atakuwa Machakos.

Nikaingia. Walikuwemo watu, na wawili kati yao ndio walionishangilia. Nilisema mbele yao kwamba kosa la wimbo ule lilikuwa langu peke yangu, kwamba Ndinda alikuwa amenyamaza kwa hesabu na mimi nikadhani amekwama. Mkufunzi alivua miwani akaifuta. Hakunikasirikia. Alisema hawezi kumpa mtu alama kwa wimbo ambao hakuusikia. Lakini kama wanne kati yetu, mmoja kwa kila sauti, tungefika chuoni juma lililofuata, angetenga muda. Nauli juu yetu.

Nilimwendea Mzee Nzioka nikamwomba awe yeye besi, kwa kuwa yeye anajua kuhesabu. Alikataa. "Mimi nikienda," akasema, "utakuwa umempa Ndinda wimbo. Wewe hutakuwa umejifunza kunyamaza." Halafu akanigonga begani. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, akaniambia, lakini mhunzi lazima arudi kwenye moto.

Mwende alikuwa amesharudi kwao tulipokwenda. Hakukuwa na mkono wa kuangalia wala meza ya kugongwa. Tulisimama katika chumba kitupu, watu wanne na mkufunzi mmoja. Kabla ya kuanza Ndinda aliniangalia, mara moja tu, nami nikaangalia viatu vyangu.

Akaimba mstari wake. Akanyamaza.

Nilihesabu kwa kidole gumba cha mguu, ndani ya kiatu, na jasho likinitoka kama nabeba gunia. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuruka. Lakini nilipokaa hapo, mwanangu, nikaanza kusikia. Ule mstari wa kwanza ulikuwa haujaondoka. Ulikuwa bado unatembea ukutani, taratibu, unapungua kama maji yanavyoingia mchangani pale mtoni. Nikamsikia Ndinda akivuta pumzi. Na alipotoa mstari wa pili, niliona kwa nini yule mtu wa kale alikiacha kile kimya pale. Bila hicho, mstari wa pili ni maneno tu. Baada ya hicho, ulikuwa jibu. Zamu yangu ilipofika niliingia polepole kama mtu anayeingia nyumba yenye mtoto aliyelala.

Ndinda alipata nafasi. Alisomea, akafundisha, leo ni mwalimu mkuu, na watoto wangu wawili wamepita mikononi mwake. Huwa ananisalimia vizuri sana.

Sasa shika hili. Wewe una sauti, nakuona, na unapenda kusaidia, na hiyo si dhambi. Lakini kabla hujampokea mtu wimbo wake, hakikisha ameuangusha. Mkeo akinyamaza mezani, usimmalizie sentensi. Mwanao akichelewa kujibu, mpe nafasi, labda jibu linaota. Mnunuzi akishika mbuzi asiseme kitu, nyamaza na wewe; hiyo nakupa bure, imenijengea nyumba. Uliza kwanza: "Umekwama, au unangoja?" Maneno hayo ni mepesi, na yangeniokoa.

Mungu akupe kifua, akupe na masikio ya kukilinda. Ukipanda, mvua ikukute. Ukiimba, wakusikie, ukinyamaza, wakungoje. Nyumba yako isikose sauti wala utulivu.

Na usidhani nasaha hii niliokota njiani. Nauli ya watu wanne kwenda Machakos na kurudi, chai, mkate, na sahani ya nyama ambayo Ndinda alisema haitaki na mimi nikamlipia hivyo hivyo: shilingi mia moja thelathini na moja na senti hamsini.