Mwaka Aliolala Jikoni

Bosibori aliishi nje kidogo ya Rongo na mumewe, Oyaro, aliyeuza mitumba na kwenda Isebania, mpakani na Tanzania, kila wiki kuchukua mzigo. Walikuwa na mabinti wawili. Katika kanisa lao la Wasabato, Bosibori aliongoza akina mama wa Dorkasi, wale wanaowaogesha wagonjwa na kuwapikia waliofiwa. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na jambo likimkera hakulinyamazia.

Mwaka 1993 uzazi wa tatu ulimwendea vibaya. Alipasuliwa hospitalini, akapoteza damu nyingi. Oyaro alijitolea kutoa yake, lakini akarudi akisema imekataa kuoana na ya mkewe. Gichana, kaka yake Bosibori, ndiye aliyetoa. Mtoto hakuishi.

Bosibori alipotoka hospitalini alikuta Oyaro amehamishia godoro lake jikoni, kijumba cha nyasi kilichokuwa kando ya nyumba. Alisema kidonda kipone kwanza. Kidonda kikapona, naye akazidi kulala huko pamoja na kuku. Mchana alikuwa mume yuleyule, akilima naye na kumletea leso kutoka mpakani. Mkewe alimuuliza kama amepata mwanamke Isebania. Alikana. Akamuuliza kama anamlaumu kwa kifo cha mtoto. Oyaro akachukua jembe akaenda shambani.

Mwaka ukaisha hivyo. Majirani walikuwa wameanza kucheka, na Bosibori akapeleka shauri kwa Ondieki, mzee wa kanisa. Wazee walikuja Jumapili mchana. Walimkumbusha Oyaro kiapo chake cha ndoa, kisha Ondieki akamtaka aseme mkewe amemkosea nini.

Oyaro aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Hajanikosea kitu," akasema.

Basi wakaomba, na kabla hawajaondoka Bosibori alikuwa amebeba godoro mwenyewe kulirudisha nyumbani.

Mwaka 1996 Oyaro alianza kuhara na kukonda. Alikufa mwaka uliofuata bila kusema lolote. Miezi michache baadaye Bosibori akatokwa na malengelenge ya mkanda wa jeshi ubavuni, akaenda hospitali ileile. Wangwe, mtu wa maabara, alimpima, akamweleza kuwa ana virusi vya Ukimwi. Alipouliza jina la mume na kutajiwa, akaweka kalamu chini.

"Nilimwambia siku ile alipokuja kutoa damu, mama. Yako tuliipima pia, ilikuwa safi. Nikamwomba akueleze, mje wote wawili. Hakurudi."

Bosibori alitembea kwa miguu hadi kwa dada yake, Filister, akamsimulia yote. Alisema Oyaro alikuwa akimkinga, naye akamshtaki kwa wazee. Halafu hasira zikampanda. Oyaro angemwambia neno moja tu, angelala jikoni hadi kufa na hakuna ambaye angemsumbua.

"Sijui nimlilie au nimchukie," akasema.

Dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo hazikuwa zimefika kwa watu kama wao. Akina mama wa Dorkasi wakaanza kukwepa chakula alichopika, naye akaacha kwenda. Kufikia mvua za 1999 hakuweza tena kukaa bila kushikiliwa. Alikufa mwezi wa Mei, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Filister alimchukua binti mdogo. Mkubwa aliachishwa shule, akapelekwa kufanya kazi katika nyumba ya watu Kisii.