Binti wa Mfinyanzi Alirudi au Hakurudi

"Jana Wangu alisoma kwamba yule binti hakurudi. Leo wewe unasoma amerudi," Kageha alisema, akikaza uzi kichwani mwa Ndanu. "Mmoja wenu ananidanganya, tena nyumbani kwangu."

Ndanu, mke wa dereva, akajibu kwamba yeye amesoma yaliyoandikwa. Wangu, muuza mitumba aliyekuwa akingoja mkekani amaliziwe nusu ya kichwa iliyobaki jana, aliguna tu. Kageha hakulipenda lile guno.

Makongeni nzima ilimjua Kageha msusi. Inasemekana aliwahi kumsuka mzee mwenye upara, na mzee akaenda zake na mistari tisa. Lakini darasa hakuliona hata kwa dirisha, kwa hiyo kila aliyeketi kwenye kigoda chake aliwekewa kitabu mapajani, amsomee. Ni kile cha hadithi ambacho wanafunzi wa kila mwaka husomeshwa shuleni: binti wa mfinyanzi anakua, anaukataa udongo wa mama yake, wanakosana, anaondoka.

Kilikuwa cha Khalayi, binti yake. Khalayi alikataa kusuka, akasema anakwenda kujifunza kuchomelea vyuma. Kageha akamwambia fundi wa vyuma hana kitanda humu. Msichana akakiweka kitabu juu ya kigoda: "Usomewe, mama. Huyo ni mimi." Tangu Pasaka hajaonekana.

Ndiyo maana Kageha aliutaka mwisho, tena ule wa kweli. Ndanu alikuwa akimtetea yule binti tangu ukurasa wa kwanza, kwamba hana kosa, ana ndoto tu. Wangu alisema ni mtoto wa kiburi aliyekosa kiboko, na mama yake naye ni askari jela, nani amrudie?

"Wewe Ndanu ungemrudisha nyumbani hata nyoka," akamwambia.

Kageha aliwasikiliza kwa vidole. Jana, Wangu alipofika mwisho, ngozi ya kichwa chake ilikaza kama ya ngoma. Leo, kidole cha Ndanu, ambacho hufuata kila mstari, kilisimama chini ya ukurasa huku mdomo ukiendelea.

"Ndanu." Alikuwa bado ameshika nywele. "Kinasemaje?"

"Hakisemi, Mama Khalayi. Kinamwacha nje, mkono uko mlangoni. Basi. Mimi nikaona aingie."

"Na mimi nikaona ageuke," Wangu akasema, macho kwenye mkeka.

Kageha hakuamini hata kidogo. Nani achapishe kitabu kisicho na mwisho? Hawa wameuchana ukurasa wa mwisho. Akakinyakua, akapitisha kidole kwenye mshono akitafuta baki la karatasi. Hakuna. Akapitisha tena, polepole.

"Mtu haachwi mlangoni hivyo," akasema. "Mama yake si yumo ndani? Si angesikia, akainuka, aka..."

Mlango ukasukumwa. Khalayi alikuwa kizingitini, mikono ya shati imetobolewa na cheche.